Supavaiza Asiyependa Watoto Wachanga

Supavaiza wetu hakupenda watoto wachanga, na hakuona sababu ya kuficha. Ukimpelekea mtoto amshike, alirudi nyuma, akaingiza mikono mfukoni mwa dastikoti, akasema, "Nimeshamwona. Mrudishe mgongoni." Alidai wananuka maziwa yaliyochacha na wanakodolea watu macho bila adabu. Jumapili ya ubatizo alisali ibada ya alfajiri ili asikutane nao.

Naanza na hilo kwa sababu siku hizi akitajwa watu humpamba. Wanasema alikuwa mama yetu sote. Hakuwa mama wa mtu yeyote pale kazini, na jina hilo angelikataa mbele ya kila mtu. Alikuwa supavaiza. Hata hivyo sijamwona mwingine, upande wetu wa mlima, aliyegombana na wakubwa kwa ajili ya wanawake wenye watoto wachanga kama alivyogombana yeye.

Shamba la maua tulilofanyia kazi liko juu ya barabara ya Nairobi, ukishapita Ngaramtoni, mahali ambapo Mlima Meru huonekana asubuhi na kupotelea kwenye mawingu kabla ya saa ya chai. Waridi hukatwa kwenye mabanda ya nailoni, huletwa ukumbini kwa mikokoteni, na wanawake huyachambua: mashina yaliyonyooka huku, yaliyopinda kule, majani ya chini yatolewe, mafungu yafungwe, yaingie chumba cha baridi kusubiri lori la uwanja wa ndege. Wengi wetu tulikuwa Wameru na Waarusha, tuliokulia kwenye kahawa na ndizi au nyuma ya ng'ombe, na kila mmoja alizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya kwao. Yeye alitaka Kiswahili tu ukumbini, "ili kila mtu aelewe anavyosengenywa." Lakini akikasirika, yeye mwenyewe alihamia Kimaasai.

Alivaa kofia ya sufu mwaka mzima, kwa sababu ya chumba cha baridi, na mkasi wa maua ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Chai alikunywa bila sukari. Loshoro yake, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, alikula amesimama, kopo mkononi, macho yakiwa kwenye meza zetu. Ukimwamkia "Shikamoo, supavaiza," alijibu, "Marahaba, umechelewa," hata kama ulikuwa wa kwanza kufika. Wiki yangu ya kwanza alinitoa machozi kwa sababu nilikwangua ganda la shina wakati wa kutoa majani. Alilinyanyua lile ua juu ya vichwa vya wenzangu akauliza ni nani kati yetu angeipokea zawadi iliyochunwa ngozi.

Sasa nieleze tulivyoishi kabla ya siku ya mkasi.

Mikataba yetu ilikuwa ya miezi michache. Ikiisha, inahuishwa, inaisha, inahuishwa, miaka nenda rudi. Ila tumbo likishaonekana, haihuishwi tena. Neno kufukuzwa halikutamkwa kamwe. Afisa utumishi, kijana mstaarabu mwenye sauti ya mwanakwaya, alikuita ofisini, akakukaribisha kiti, akakwambia mkataba wako umefikia mwisho wake wa kawaida. Aliijua sheria kuliko sisi sote, kwa hiyo alijua na mahali pa kupenya.

Na sisi hatukuwa wajinga. Redioni tulisikia, kliniki tulielezwa: mama aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi yenye malipo, siku themanini na nne, na akizaa mapacha ni mia moja. Akirudi kazini ana saa mbili za kunyonyesha kila siku, ndani ya muda wa kazi. Tulijua yote hayo, kama tulivyojua kwamba kuna watu wana bomba la maji ya moto ndani ya nyumba. Yalikuwa mambo ya watu wengine. Sisi tulijifunga kanga.

Ulianza kujifunga mapema, kwanza moja, kisha mbili, ukikaza kuanzia chini ya matiti hadi nyongani, dastikoti juu yake. Ulijifunza kuinama kwa magoti. Ulijifunza kutapika kimya. Lengo lilikuwa kuvuka mkataba mmoja zaidi.

Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Supavaiza alinikuta chumba cha kubadilishia nguo wakati wa chai.

"Geuka," alisema.

Nikageuka. Alininyanyua dastikoti kwa nyuma, kama mtu anayekagua gunia sokoni.

"Ya ngapi hii?"

"Ya kwanza, mama."

"Sijauliza mimba. Nauliza kanga. Umefunga ngapi?"

"Mbili."

Akashika mkasi wake, akaupitisha kati ya kanga na mgongo wangu, ubaridi wa chuma ukanisisimua, akakata kuanzia juu hadi chini. Zilikuwa kanga za mama yangu. Hakusema pole. Tumbo likashuka, na nikamsikia mtoto akigeuka ndani kama mtu aliyeamshwa. Nililia, na sitaki kudanganya, sehemu ya kilio kile ilikuwa ya kanga.

"Una karatasi ya daktari inayosema utajifungua lini?"

"Iko nyumbani."

"Kesho uje nayo. Mwajiri anatakiwa kupewa taarifa miezi mitatu kabla. Wewe una miezi mingapi?"

"Mitano."

"Basi umewahi," alisema, akiuachia mkasi uning'inie tena. "Tangu uajiriwe hapa, leo ndiyo mara ya kwanza umewahi."

Kesho yake alinipeleka mwenyewe kwa afisa utumishi. Hakukaa. Mimi pia alinizuia kukaa, ingawa kiti kilikuwepo. Afisa alisoma karatasi ya daktari, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mama, mkataba wake unaisha kabla hajajifungua," alimwambia Supavaiza. "Kwa hiyo suala la likizo haliingii hapa."

"Umeshaisha mara ngapi huo mkataba?"

"Huwa tunauhuisha kwa makubaliano."

"Basi na safari hii mtauhuisha. Kazi haijaisha na mikono yake haijaisha. Kilichoongezeka ni tumbo."

"Mama, wewe uko upande wa uongozi. Usisahau hilo."

"Sijasahau. Ndiyo maana nimekuja na karatasi."

"Na Meneja akikataa?"

"Nitakuja na kelele."

Tulitoka. Nilidhani anarudi kwenye dawati lake. Badala yake alisimama katikati ya ukumbi, akagonga meza kwa mkasi hadi watu wote wakamtazama.

"Kesho sitaki kuona kanga chini ya dastikoti," alisema. "Nawajua wote mliojifunga. Nawaona mnavyookota ndoo. Atakayekuja amejifunga nitaikata mimi, na sitauliza ni ya nani."

Zilikuwa wiki zile za kuelekea sikukuu ya wapendanao, ambapo Ulaya nzima hutaka waridi kwa wakati mmoja na mikokoteni hupanga foleni hadi nje ya mlango. Asubuhi ile tuliingia getini matumbo mbele. Wengine hata mama wakwe zao walikuwa hawajaambiwa. Jirani yangu wa mezani, Neema, ambaye mimi nilidhani amenenepa tu kwa sababu ya ndoa mpya, alikuwa na tumbo kunishinda. Tulitazamana tukacheka kicheko kile cha mtu anayeogopa. Supavaiza alitutoa kwenye meza zetu, akatupanga wote kwenye meza iliyo chini ya kioo cha ofisi.

"Huku kuna mwanga," alisema.

Haikuchukua muda Meneja akashuka. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuja taratibu, akasimama mbele yetu, na mikono yetu yote ikaganda.

"Nani kawaambia muache kazi?" Supavaiza alituuliza. Tukaendelea kukata, na mazungumzo yao yote nayakumbuka pamoja na mlio wa mikasi.

"Haya ni maandamano?" Meneja aliuliza.

"Ni kazi. Angalia mafungu kama yamepungua."

"Hili jambo tulishaliongea."

"Uliliongea wewe. Leo wanaliongea wao, na hata midomo hawajafungua."

"Na nikiwaondoa?"

"Waondoe sasa hivi, kabla lori halijaja. Anza na mimi. Halafu uvae dastikoti ukae hapa, nikufundishe kushika shina kabla sijaondoka."

Kuna mtu alicheka nyuma yetu. Meneja aliitazama ile mikokoteni iliyokuwa imejaa hadi mlangoni, waridi jekundu juu ya waridi jekundu, akapanda tena ngazi.

Wiki ile ile tuliitwa mmoja mmoja. Mikataba ilihuishwa na likizo zikakubaliwa. Sitasema tulihurumiwa. Waliogopa maua kunyauka, na hofu ile ilitutosha. Afisa utumishi aliponipa nakala yangu alinitakia uzazi mwema kwa adabu zote, na mimi nikamjibu kwa adabu zote. Nilipotoka nje nilikuwa na hasira, maana kumbe ilikuwa inawezekana siku zote.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Supavaiza alikuja kuniona nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa ananipikia mtori wa ndizi, akamkaribisha bakuli, naye akakataa. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mbali na kitanda, kofia kichwani.

"Analia?" aliuliza.

"Analia vizuri, mama. Huyu hapa, mshike."

"Nimeshamwona. Ofisini wamekupigia simu?"

Walikuwa wamepiga. Afisa utumishi aliniambia kuna oda kubwa, kwamba kama najisikia nafuu naweza kurudi mapema, watanifikiria. Nilimweleza.

"Haijafika hata wiki sita tangu uzae," alisema. "Bila daktari kuruhusu, ni marufuku wao kukurudisha kazini. Ukija, nitakufukuza mimi mwenyewe, na mimi sitatumia maneno ya kistaarabu." Kisha akasimama, akaaga, akaondoka. Mama mkwe aliniuliza yule mwanamke ana ugomvi gani na sisi.

Kuna siku moja tu niliyomwona akikaa muda mrefu kwenye nyumba yenye vitu vya mtoto. Mtoto wa Neema alifariki akiwa na miezi miwili. Homa, hospitali, na kufika asubuhi hayupo. Neema na mumewe walipanga chumba Kaloleni, kule mjini, na sisi wa shambani tulijaa kwenye ule uwanja mdogo hadi majirani wakatuazima mikeka yao. Supavaiza alikaa mkekani na sisi. Alasiri afisa utumishi alifika na bahasha ya rambirambi. Alipeana mikono na wazee, akachuchumaa mbele ya Neema, akampa pole, na nina hakika ilitoka moyoni. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba, kwa vile sasa hakuna wa kumnyonyesha, akijisikia anaweza kurudi kazini hata Jumatatu, kazi ingempunguzia mawazo.

"Tapala!" Supavaiza alisema. Acha. Wazee waligeuka. "Likizo si ya mtoto. Ni ya aliyezaa. Huyu amezaa au hajazaa?"

"Mama, hapa ni msibani."

"Wewe ndiye uliyeleta kazi msibani. Amezaa au hajazaa?"

Afisa aliweka bahasha juu ya mkeka, akainuka, akaondoka. Neema alimaliza siku zake zote akiwa nyumbani. Maziwa yaliendelea kutoka, wiki nzima, na alihitaji kuwa mahali ambapo angeweza kulia juu ya jambo hilo. Jioni ile, wakati tunajiandaa kuondoka, nilimwona Supavaiza kwenye kamba ya nguo. Alikuwa anaanua vitambaa vya mtoto, kimoja kimoja, anavikunja, anavilaza mkononi kwa usawa, kama anavyolaza mashina.

Nikiishia hapo nitakuwa nimempamba kama wengine. Alikuwa na upande ambao sikuupenda na siupendi hadi leo.

Saa mbili za kunyonyesha zilipoanza kufuatwa, alizisimamia kama askari. Mdogo wangu alimleta mwanangu getini, nami nikamnyonyesha nyuma ya kibanda cha jenereta, ambako ndiko tulikopewa. Ukichelewa kurudi mezani alikusubiri amekunja mikono. Mwenzetu mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa anazitumia zile saa kushuka Ngaramtoni kuuza mitumba siku ya soko. Supavaiza alipogundua hakumwonya pembeni. Alimshitaki ofisini, yule dada akapewa onyo la maandishi. Tulimnunia Supavaiza, hakuna aliyemwamkia kwa wiki kadhaa.

"Mkizichezea watatunyang'anya wote," alituambia, bila kuulizwa. "Wanatafuta sababu. Mimi sitawapa."

Nilimwambia kwamba yule dada alikuwa anamlisha mtoto kwa mitumba pia. Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha asiyoijua. Katika hilo hatukuelewana kamwe.

Wala hakuwa na huruma kwa waliozaa kwa kufululiza. Sheria inamtaka mwajiri mmoja alipie likizo ya uzazi mara nne. Yeye alisema nne ni ukorofi. Mama wa watoto watatu alipokwenda kuomba likizo kwa ajili ya mimba ya nne, Supavaiza alimsema kutoka mezani hadi mlangoni mwa ofisi, akamuuliza kama nyumbani kwao hakuna redio. Walipofika mlangoni akanyamaza, akagonga, akaingia mbele yake, na likizo ikapatikana.

Nilimuuliza siku moja, tukiwa tunafagia majani baada ya lori kuondoka, kwa nini anahangaika hivi kwa ajili ya watoto ambao hawapendi.

"Kwani maua nayapenda?" alijibu. "Siyapendi hata kidogo. Lakini mtu akiniletea fungu lenye mashina pungufu nikasema limetimia, mimi ni mwizi. Na ninyi mlikuwa mnapewa fungu pungufu. Fagia na hapo chini ya meza."

Hawakumsamehe ile asubuhi ya matumbo. Msimu wa mwaka uliofuata ulipopita alivuliwa usupavaiza, wakasema ni mabadiliko ya kawaida ya kiutendaji, akarudishwa kuchambua maua meza moja na mimi. Nilitegemea atainamisha kichwa. Alikuja kesho yake na mkasi wake shingoni, akasimama mahali pake papya, akaanza kumrekebisha supavaiza mpya tangu saa ya kwanza. Alipoitwa ofisini kuambiwa aache, aliwajibu kwamba cheo wamechukua, macho hawajachukua. Aliendelea hivyo, akiwa mchambuaji wa kawaida, hadi alipofikia umri wa kustaafu. Siku ya kumuaga walileta keki. Alikula kipande chake amesimama, akasema ina sukari nyingi, akaenda nyumbani.

Mwaka jana nilikutana naye Ngaramtoni, siku ya soko. Alikuwa ameinamia viazi, fimbo mkono mmoja, anamwambia muuzaji kwamba vya chini ya debe si sawa na vya juu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Umenenepa." Akanitazama vizuri. "Ukumbi unaendeleaje?"

Nilikuwa na habari ya kumpa na niliitoa kwa majivuno. Nikamwambia siku hizi hatunyonyeshei nyuma ya jenereta. Tumejengewa chumba. Kina benchi lenye godoro, sinki, na ukutani wamechorwa bata wa manjano. Wageni wakija shambani huletwa kukiona na kupiga picha.

"Mlango unafungwa?" aliuliza.

"Unafungwa."

"Kwa wapi?"

"Kwa nje, kwa kufuli. Ufunguo anao afisa utumishi. Ukiuhitaji unamwomba."

"Kwa hiyo mama anaomba ufunguo akanyonyeshe."

"Ndiyo."

"Na akishaingia, yeyote anasukuma, anamkuta matiti nje."

"Huwa wanagonga, mama."

"Wakikumbuka."

Nilikumbuka wiki iliyotangulia, wageni wanne na kamera, na dada wa meza ya pili akijifunika na dastikoti huku anaomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

"Hicho si chumba chenu," Supavaiza alisema. "Ni stoo yao, wanawaazima." Akampa muuzaji mfuko wake ajaze viazi, akanigeuzia mgongo. "Nenda, jua linakuchoma bure."

Hakuniagiza kufanya kitu. Nilitembea hadi mwisho wa mabanda ya mitumba, nikaingia duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua komeo la chuma na skrubu zake.

Jumatatu nilipanda basi la kwanza la wafanyakazi. Fundi wa pampu aliniazima bisibisi, hakuuliza ya nini. Ufunguo nilikwenda kuuomba ofisini kwa adabu, kama kawaida. Nilifungua, nikavitoa vile vyuma vya kufuli vilivyokuwa nje, nikafunga komeo kwa ndani, nikalijaribu mara kadhaa hadi likateleza vizuri. Kufuli nililipeleka ofisini, nikaliweka juu ya meza ya afisa utumishi, ufunguo ukiwa ndani yake. Alikuwa ametoka. Sikuacha maelezo. Nikarudi mezani kwangu nikashika mkasi.

Alikuja mchana, kufuli mkononi. Ukumbi mzima ulimwona akipita kati ya meza, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba kile, akausukuma. Haukufunguka. Akausukuma tena kwa bega.

"Kuna mtu!" ikajibu sauti ya mwanamke kutoka ndani.